Risala ya Klabu ya Wadudu kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Sayansi ya Skuli

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu, walimu wetu, Sheha wetu, Kamati ya Skuli, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha hapa tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kuikubali barua yetu na kuivumilia barabara yetu, ambayo leo hatutaisema.

Klabu hii tuliianza kwa shuka jeupe na karabai la kuazima. Usiku tulilitundika shuka kando ya kijito kilicho nyuma ya skuli, tukakaa. Walikuja mbu, kumbikumbi na nondo wa kila namna. Kati yao alitua mmoja wa rangi ya majani ya chai, papasi zake za kichwani ndefu kupita mwili, mbawa kazikunja kama paa la banda. Sote tulisema nondo. Mwalimu akatupa kioo cha kukuzia: mbawa za nondo zina ungaunga, za huyu zina vinyweleo. Wataalamu humwita Trikoptera, neno la Kigiriki lenye maana ya mbawa za nywele.

Mtoto wake ndiye aliyetupumbaza. Anaishi majini. Mwenzetu mmoja aliokota kitu kama kijiti kilichoganda mchanga, akataka kukitupa, kikatembea kiganjani. Mdudu hutoa hariri mdomoni, akaunganisha chembe moja moja za mchanga mpaka apate kinyumba cha kujifichia, na kazi hiyo yote anaifanya chini ya maji. Jamaa zake wengine hawajengi, hutega nyavu ndogo kwenye mkondo kama wavuvi wetu. Maji yakichafuka wengi wao hufa mapema, kwa hiyo tunakitazama kijito chetu kwa jicho jengine siku hizi.

Mheshimiwa, tukauliza: huyu wetu anaitwaje? Hapo ndipo tulipojifunza mambo ya makumbusho.

Duniani zimeshapewa majina spishi, yaani aina, zaidi ya 16,000 za wadudu hawa, na bado wengine wamo ndani ya chupa za spiriti, kwenye makabati ya makumbusho, wakingoja mtu wa kuwatazama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionesha kuwa kiumbe kipya hukaa kwa wastani miaka 21 tangu kukusanywa hadi kuandikwa rasmi. Ni zaidi ya umri wetu sisi.

Rangi na mbawa hazitoshi kuwatenganisha, maana wanafanana mno. Mtaalamu humchukua dume, akaikata ncha ya tumbo, akailoweka kwenye potashi nyama iyeyuke libaki ganda, kisha akalichora chini ya hadubini. Kinachochorwa, kwa kuwastahi wazee waliopo, tuseme ni sehemu za siri. Kila spishi ina umbo lake hapo. Baadaye anamlinganisha na ndugu zake wote waliokwisha kuandikwa, na mdudu mmoja huteuliwa kuwa kielelezo cha asili, ahifadhiwe ili wa baadaye wamrejee.

Wapemba si wageni wa habari hii. Popo wetu tunaowaonesha watalii kule Kidike alipewa jina la kitaalamu mwaka 1909 na Matschie, mtaalamu wa Berlin, naye akamwita kwa jina la Voeltzkow, msafiri aliyefika kisiwani. Paa nunga wa Unguja naye aliandikwa mwaka 1918, akaitwa kwa jina la Dkt. Aders, mtaalamu wa viumbe aliyefanya kazi Zanzibar. Tumewajua wanyama hawa tangu mababu, karatasi zikaandikwa mbali.

Tusije tukanukuliwa vibaya: hatusemi kwamba mdudu wetu ni mpya. Huenda aliandikwa zamani. Tunachosema ni kwamba yumo chupani na anwani yake.

Na anwani hiyo imetugharimu. Vibandiko vya mwanzo tuliviandika kwa kalamu ya wino, tukavitia ndani ya chupa. Wiki ya pili spiriti ikageuka buluu na karatasi zikawa nyeupe. Wadudu wale wazima kabisa, lakini hakuna ajuaye walitoka wapi wala lini, na mdudu asiye na mahali wala tarehe hana faida kwa mtaalamu. Siku hizi tunaandika kwa penseli.

Maombi yetu ni haya. Tuna uhitaji wa hadubini moja ya macho mawili, kwa sababu sasa kioo kimoja tunakigombania watu wote. Tunaomba kabati lenye kufuli, chupa zisikae dirishani juani, pamoja na spiriti ya kuongezea, maana inapotea kwa mvuke. Na tunaomba utusemee ili tukaone jinsi vielelezo vinavyotunzwa makumbusho Unguja. Mkondo wa Nungwi, penye mawimbi ya kuvuka kutoka Pemba, tunaujua, na kutapika tumekubali.

Mheshimiwa, mezani pale kuna chupa moja tumekuwekea. Kibandiko kina mahali, tarehe na jina la aliyemkamata. Mstari wa jina la mdudu tumeuacha wazi.

Ahsante kwa kutusikiliza.

Ni sisi,
Wanachama wa Klabu ya Wadudu