Taa ya dola 35, ufungaji dola 220: hela yako inakwenda wapi?

"Yaya, unaniibia." Aliniambia hivyo Novemba mwaka jana kijana mmoja Mkongo (kwao yaya ni mkubwa wako), kasimama mlangoni kwetu na boksi mkononi. Taa ya kimulimuli ya gari kaagiza mwenyewe mtandaoni kwa dola 35, mimi nikamtajia dola 220 za kuifunga. Si wa kwanza. Kila vikosi vya zimamoto vya vijiji vya huku karibu na Utica vikipata watu wapya, ugomvi huohuo unahamia gereji kwetu. Basi leo naandika, niupumzishe mdomo.

Mnaosoma mkiwa nyumbani mnaweza kushangaa raia anatafuta nini na kimulimuli. Huku jimbo la New York, vijiji vingi havina zimamoto wa kulipwa. Peja, kile kidude cha kuwaitia, ikilia, mwalimu anaacha darasa, seremala anaacha randa, kila mtu anakimbilia moto na gari lake. Ndiyo maana sheria inamruhusu mzimamoto wa kujitolea kufunga taa ya bluu. Ya kijani ni ya wanaojitolea kwenye ambulensi.

Lakini sifungi bila barua ya mkuu wa kikosi. Sheria inataka ruhusa ya maandishi, na mkuu aliyeitoa, au atakayeshika nafasi yake, anaweza kuifuta siku yoyote. "Mkuu ananijua" si barua. Barua ikisema taa moja, nafunga moja. Jamaa mmoja alihamia huku kutoka Massachusetts na taa yake nyekundu. Kule alikuwa na kibali halali, maana kule bluu ni ya polisi. Nikamwambia hapa aivue, akaondoka anasonya. Wiki ya tatu karudi na karatasi ya faini, anataka niitoe kabla ya chakula cha mchana.

Halafu muelewe: hiyo bluu inaomba, haiamrishi. Kitabu cha madereva cha jimbo kinasema kukupisha ni hisani tu, na wewe unatii sheria zote za barabarani kama muuza maziwa. Taa za barabarani zikiwa nyekundu, simama. Anayetaka nimwekee na king'ora namkatalia kabla hajamaliza sentensi. Gari linaweza kuwa la mkeo mnayeishi naye, au la mwajiri wako, sawa, ila taa ni yako wewe peke yako na ni ya dharura tu. Kuna mama alisimamishwa na polisi akipeleka watoto shule, bluu inapepesa mbele na yeye hana habari. Mtoto alibonyeza swichi. Ile kazi niliifunga mimi, nakiri, na swichi niliiweka chini karibu na gia. Tangu siku hiyo naweka yenye kifuniko, upande wa kushoto wa usukani.

Turudi kwa mdogo wangu na boksi lake. Alikwenda kwa binamu yake, wakafunga kwa dakika 20. Waya mwembamba moja kwa moja kutoka kwenye betri, bila fyuzi, ukapitishwa kwenye tundu la ukuta wa injini bila raba. Januari ukingo wa bati ukamaliza kula ngozi ya waya. Anakwenda kwenye moto wa watu, dashibodi yake inafuka moshi. Matengenezo dola 640, na hapo nimemhurumia.

Dola 220 ni saa tatu za kazi. Fyuzi inakaa pale pale kwenye betri, maana ikikaa kwenye swichi inalinda swichi tu. Kifuniko cha nguzo ya kioo nakivua, waya upite nyuma ya mfuko wa hewa, usiuzibie njia siku ya ajali. Ethi, yaani pale waya unaposhika bodi ya gari, nakwangua rangi mpaka chuma cheupe, nafunga, napaka grisi, kwa sababu chumvi wanayomwaga barabarani huku kuyeyushia barafu inatafuna kila kiungo. Pale mtaa wa Gerezani, Dar, nilipojifunzia kazi tulisokota waya kwa vidole tukazungushia tepu nyeusi, na kwa joto la kule ulidumu. Hapa haumalizi baridi moja. Mwisho nakata kinga nyeusi nyuma ya taa na kuijaribu gizani, maana bila hiyo mwanga unarudi kwenye kioo na kwenye theluji huoni hata pua ya gari. Binamu hakujaribu gizani.

Ukija, lete barua na gari lenyewe, na usinunue taa kwanza. Nyingine za mtandaoni hazipiti hata mvua ya kwanza. Jumamosi tupo hadi saa nane mchana. Ule waya ulioungua nimeuacha kaunta, kando ya mashine ya kadi.