Yah: Malalamiko kuhusu mashine ya kutotolesha iliyouzwa kwetu kama ya bata mzinga

Wafugaji wanne wa bata mzinga,
Kihonda, Morogoro.
2 Aprili 2025

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni iliyotuuzia mashine,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tarehe 6 Januari 2025 tulinunua dukani kwenu mashine ya kutotolesha, ile ya mayai 96 yenye feni na trei zinazojigeuza. Boksi lina picha ya kuku, bata, kanga na bata mzinga, na mbele ya mashine kuna kitufe cha kuchagua aina ya ndege. Kitufe hicho ndicho kilichotufanya tuinunue. Mashine za kuku zimejaa mjini, tena kwa bei nafuu kuliko hii.

Kitufe kinadanganya. Ukichagua bata mzinga, kioo kinaandika siku 28 badala ya 21, basi. Mengine yote yanabaki ya kuku: siku ya 18 mota ya kugeuza inazima yenyewe, na unyevu unapandishwa kutoka asilimia 55 hadi 70. Kwa yai la kuku hapo zimebaki siku 3, na ndivyo inavyotakiwa. Kwa yai la bata mzinga zimebaki siku 10. Unyevu wake ulipaswa kukaa kati ya 55 na 60 mpaka siku ya 25, ndipo trei zisimame na unyevu upande.

Kusimama kwa trei mapema hatukupi uzito mkubwa, maana yai huumia zaidi lisipogeuzwa wiki mbili za mwanzo. Kilichoua vifaranga wetu ndani ya mayai ni unyevu, na kiliua wengi kwa sababu kosa hilo lilikutana na lingine: kihisi cha unyevu kinasoma chini ya ukweli.

Hili la pili mnaweza kulipima hapo hapo dukani bila fundi. Jazeni chumvi ya mezani kwenye kizibo cha soda, muidondoshee maji mpaka iwe kama tope bila kuyeyuka yote. Tieni kizibo kwenye mfuko wa plastiki mzito pamoja na kihisi (waya wake ni mrefu, unafika nje ya mlango), fungeni kwa mpira na muuache kivulini saa 8 hadi 12. Hewa ya ndani itatulia kwenye asilimia 75, iwe Morogoro au Mwanza. Kihisi chenu kilisimama kwenye 64. Tulirudia mara mbili zaidi: 64, kisha 63. Kipima unyevu cha bei rahisi tulichokitia mfuko uleule kilisoma 74. Kwa hiyo kioo kikiandika 55, ndani kuna 66 hivi. Kikiandika 70, ndani kuna 81. Kuanzia siku ya 19 kioo cha mlango kilikuwa kinatokwa jasho asubuhi na jioni.

Joto hatulilalamikii. Tulililinganisha na kipima joto cha homa kwenye kila trei na halikupishana na 37.5 kwa zaidi ya nyuzi 0.1. Feni yenu ni nzuri.

Mayai 60 yaliingia tarehe 13 Januari, yote yakiwa hayajazidi siku 7 tangu kutagwa, yakiwa yamehifadhiwa ncha nyembamba chini. Kumi na mawili tuliyawekea namba na kuyapima pamoja: gramu 1,020. Kifaranga anahitaji yai lake lipoteze maji, asilimia 11 hadi 13 ya uzito kufikia siku ya 25, ili chumba cha hewa kikue na apate pa kuvutia pumzi ya kwanza kabla hajatoboa ganda. Siku ya 18 yalipaswa kuwa na gramu 932 hivi. Yalikuwa na 953. Siku ya 25 yalipaswa kushuka hadi karibu 898. Yalikuwa na 940. Ni asilimia 7.8 tu iliyopotea. Tukimulika kwa tochi, chumba cha hewa kilikuwa kama cha yai la kuku la wiki mbili.

Siku ya 10 tulitoa mayai 10: manane hayakuwa na mbegu, mawili yalikuwa na pete ya damu, yaani kiinitete kilikufa mapema. Hayo ni yetu, hatuwadai. Matatu mengine yalikufa katikati. Siku ya 25 yalibaki 47 yakiwa hai, vifaranga wakionekana wakichezacheza kwenye mwanga. Walioanguliwa ni 14.

Yale 33 tuliyavunja moja moja. Vifaranga 24 walikuwa wamekamilika kabisa, na manyoya yao, lakini hawakudonoa ganda. Yai namba 7 linatosha kuwa mfano wa hao: mdomo umeshatoboa utando na kuingia kwenye chumba cha hewa, chumba chenyewe hakizidi kina cha kucha ya kidole gumba, na ukiminya kichwa maji yanatoka puani. Alizama. Sita walidonoa ganda wakafia hapo, ute mzito umewagandisha shingo kama gundi. Watatu waliobaki vichwa vilikuwa upande wa ncha nyembamba. Hao huenda wangekufa hata chini ya mama yao.

Tulipopiga simu, fundi wenu alitoa majibu mawili. La kwanza, kwamba dume letu limechoka na mayai hayakuwa na mbegu. Dume mmoja ana majike 6, na hata angekuwa na 20, yai lisilo na mbegu haliwezi kutoa kifaranga mwenye manyoya. La pili, kwamba tulifungua mlango mara kwa mara. Kufungua mlango kunashusha unyevu; vifaranga wetu walikufa kwa maji kuzidi. Tunaomba fundi huyo asome barua hii.

Ili tusibishane, tulirudia. Tarehe 24 Februari tuliingiza mayai 48 ya majike wale wale na dume yule yule. Tulichagua kuku, unyevu tukauweka 45 kwenye kioo, yaani 56 ya kweli. Tarehe 3 Machi, siku ya 7, tulirudisha hesabu ya siku kwenye sifuri, ili siku ya 18 ya mashine iangukie siku ya 25 ya mayai. Tarehe 21 Machi mashine ilipotaka kupandisha hadi 70 tuliishusha kwa mkono hadi 60 kwenye kioo, yaani 71 ya kweli. Mayai 12 ya kupimia yalitoka gramu 1,032 hadi 910, sawa na asilimia 11.8. Waliokuwa hai siku ya 25 ni 41, walioanguliwa 36. Mashine ni ile ile. Mteja hakupaswa kuidanganya ili ifanye kazi iliyoandikwa kwenye boksi.

Kuna mengine mawili. Vikombe vya trei ni vya yai la kuku. La bata mzinga la gramu 85 linakaa juu juu na kugongana na mwenzake trei ikilala, hivyo tunaruka vikombe na mashine inachukua 60, si 96. Andikeni hivyo.

Na ukurasa wa 11 wa kijitabu chenu unasema vifaranga wa bata mzinga wapewe chakula cha kuanzia cha kuku wa nyama. Ondoeni sentensi hiyo haraka. Wanahitaji protini asilimia 28 hivi, na hicho hakifiki huko. Baya zaidi, baadhi ya vyakula vya kuku wa nyama vina dawa ya koksidia (ugonjwa wa utumbo wa kuku) iitwayo salinomaisini, ambayo ni sumu kwa bata mzinga. Mtu anaweza kuua kundi zima akifuata maandishi yenu.

Tunachodai ni bodi mpya ya kuendeshea mashine, yenye programu halisi ya bata mzinga pamoja na kihisi kilichopimwa, au mashine mrudishiwe nasi turudishiwe fedha yote. Pia fidia ya mayai 27: kwa kiwango cha mzunguko wa pili, kati ya yale 47 tungepoteza 6, nasi tulipoteza 33. Yai la kutotolesha tunauza shilingi 4,000, jumla shilingi 108,000.

Muuzaji wenu tulimwambia mapema kuwa mashine ni ya bata mzinga, na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inataka kitu kilichouzwa hivyo kifae kwa kazi hiyo. Tusipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14 tutapeleka barua hii Tume ya Ushindani, pamoja na picha ya boksi.

Mashine tumeizima, iko safi. Fundi akija aje na chumvi na kizibo, mfuko tunao.

Wenu,
Wafugaji wanne wa bata mzinga, Kihonda.

Viambatanisho: nakala ya risiti, picha za mayai 33 yaliyovunjwa, daftari la uzito wa mizunguko yote miwili.