Kihariri cha matini si kitufe

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme na wanaotengeneza maktaba, yaani vipande vya msimbo vilivyo tayari, za kujengea violesura vya programu: vitufe, menyu na visanduku anavyovitumia mtu kwenye skrini.

Mimi ni mtunga programu. Kwa miaka mitatu, mimi na mwenzangu tumekuwa tukijenga kihariri cha kuandalia miswada yenye vichwa, majedwali na tanbihi. Maktaba tuliyoichagua ilikuwa na vitufe, menyu na kisanduku cha matini tayari. Siku ya kwanza tu tulipata herufi nzito, za mlazo na rangi, nami nikamwahidi mteja kwamba kazi iliyobaki ni ndogo.

Akaomba jedwali. Kisanduku kile kinajua mfuatano mmoja wa herufi basi; jedwali zima kililihesabu kuwa herufi moja. Ukikokota kipanya kutoka aya ya juu hadi ya chini, maneno ya ndani ya jedwali hayachaguliki. Ukinakili na kubandika, jedwali la mistari 12 linatoka tupu. Ukitendua, aya inarudi lakini jedwali halirudi, maana kila upande una kumbukumbu yake. Miezi minne ilitupotea hapo.

Wapo watakaosema tutumie kivinjari. Uwezo wa kuhariri ukurasa moja kwa moja uliingia katika Internet Explorer 5.5 mwaka 2000, na kwa miaka mingi vivinjari havikuafikiana hata juu ya kitufe cha enta: kimoja kinafungua aya, kingine kinakata mstari tu. Mwaka 2010 Google iliacha kuutegemea katika Google Docs, ikajiandikia sehemu yake ya kuhariri. Wao wanao watu wa kutosha. Sisi tuko wawili.

Hata hivyo tuliifuata njia hiyo ya Google, tukaanza kuchora herufi wenyewe katika toleo la pili. Ndipo nilipojua kisanduku kile kilikuwa kimebeba mizigo mingapi kimyakimya. Kishale, alama ya mahali unapoandika, kisisimame kati ya herufi na alama iliyo juu yake. Kiarabu kiende kutoka kulia huku tarakimu zake zikienda kutoka kushoto. Anayeandika Kijapani aone maneno yanayopendekezwa pale pale alipo kishale, si kwenye kona ya skrini. Yote hayo tuliyajenga upya, na yaliwezekana.

Lililotushinda ni jingine. Msomaji wetu wa prufu haoni. Toleo la kwanza alilitumia bila msaada wa mtu. Alipofungua la pili, kisoma-skrini chake, programu inayomsomea kwa sauti yaliyo kwenye skrini, kilitaja menyu, kikataja vitufe, kisha kilipofika kwenye ukurasa kikanyamaza. Kwake kurasa 200 za mswada hazikuwepo. Kwa kisoma-skrini zilikuwa picha.

Ninachoomba ni kazi hizi zitenganishwe: upangaji wa mistari, kishale, uingizaji wa herufi na mawasiliano na visoma-skrini, kila moja ichukulike peke yake, ili mwenye muundo wake wa waraka asilazimike kubomoa kila kitu. Inawezekana. Maktaba iitwayo HarfBuzz inafanya kazi moja tu, kupanga maumbo ya herufi, na leo imo ndani ya Chrome, Firefox na LibreOffice.

Msomaji wetu bado anatumia toleo la kwanza. Majedwali namtumia kando, mstari kwa mstari, kama maandishi matupu.

Mtunga programu