Kwa shoga yangu wa Faza: kabla mwanetu hajapanda boti kwenda chuoni

Langoni, Lamu

Shoga yangu,

Salaam aleikum. Ujumbe wako nimeupata, na picha ya barua ya kuitwa chuo kule Eldoret nimeiona. Hongera, na mwanetu mpe mkono wangu. Wauliza uanzie wapi, godoro au sanduku. Wacha godoro. Anza na majina.

Toa cheti chake cha kuzaliwa, kitambulisho, na karatasi ya matokeo ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, vipange mkekani, usome jina herufi kwa herufi ukifuata kwa kidole. Huku kwetu jina moja laandikwa namna tano: Swaleh na Saleh, Khadija na Hadija, Mohamed na Muhammad. Karani wa vizazi huandika alivyosikia, mwalimu wa darasa la nane huandika alivyozoea. Wengine wana majina matatu kwenye cheti na mawili kwenye KCSE, au jina la babu limeruka mbele ya la baba. Sisi twajua ni mtoto yule yule, lakini kompyuta ya mkopo haijui. Itamwambia jina na namba ya kitambulisho havilingani, na hapo ndipo watu hupoteza wiki mbili wakijaza fomu ile ile mara kumi wakidhani ni intaneti mbovu.

Chuo humwandikisha kwa jina la KCSE. Kwa hivyo karatasi nyingine ndizo zifuate hiyo, isiwe kinyume. Ikiwa ni herufi moja mbili zimetofautiana, kiapo mbele ya wakili au kamishna wa viapo chatosha kwa shughuli nyingi: kinasema majina haya mawili ni ya mtu mmoja, wakili atie sahihi na muhuri, mpige nakala. Ikiwa jina zima ni jingine, hiyo ni hati ya kubadilisha jina, nayo lazima itangazwe kwenye Gazeti Rasmi la Serikali. Haiishi kwa wiki moja, basi usingoje. Na laini ya simu iwe imesajiliwa kwa kitambulisho chake mwenyewe, si chako wala cha kaka yake, maana mkopo utaifuata namba hiyo.

Tuje kwenye pesa, na hapa soma polepole. Tangu 2023 chuo hakilipiwi kama zamani. Gharama ya kozi yagawanywa mafungu matatu: ufadhili wa serikali ambao haurudishwi, mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, ambao utarudishwa, na fungu la mzazi. Watoto hupangwa katika bendi tano kwa hali ya nyumbani. Bendi ya kwanza ndiyo ya wahitaji zaidi, na hapo mzazi hupangiwa asilimia 5. Ya tano ni ya wenye uwezo, mzazi hupangiwa asilimia 40. Tia hesabu: kozi ikiwa ya shilingi 200,000 kwa mwaka, bendi ya kwanza watoa 10,000, ya tano watoa 80,000. Fomu za maombi ndizo zaamua yote haya, na bado watu huzijaza wakiwa wamesimama mlangoni pa saiba.

Maombi ni mawili ndani ya tovuti moja ya HEF, ile ya fedha za elimu ya juu: la ufadhili na la mkopo. Wengi humaliza la kwanza, wakaona maneno ya kushukuru, wakafunga kompyuta. Lazima yaonekane yote mawili yamepokelewa. Uje na namba yake ya KCSE na ya KCPE, mtihani wa darasa la nane, pamoja na miaka aliyofanya, kitambulisho chake, namba za vitambulisho vya wazazi wote wawili, picha ya pasipoti iliyo kwenye simu, barua pepe ambayo neno lake la siri analijua yeye, na mdhamini aliyekubali kwa kinywa chake kwamba namba yake itumike. Mzazi akiwa amefariki, cheti cha kifo. Usiache pengo ukidhani wataelewa. Wakiuliza ndugu wangapi wako shuleni, taja wote, hata yule wa chuo cha ufundi. Wakiuliza kipato, sema kweli: mvuvi hana mshahara, lakini ana wastani wa mwezi, na msimu wa kusi bahari ikichafuka wastani huo hushuka. Usiandike sifuri kwa kutaka huruma, wala usiandike kipato cha msimu mzuri kwa fahari. Bendi ikitoka na mkaona si yenu, kuna nafasi ya kukata rufaa kwenye tovuti hiyo hiyo, na rufaa hutaka karatasi.

Mkopo wenyewe una fungu la karo, linalokwenda chuoni moja kwa moja, na fungu la matumizi linaloingia kwake. Riba ni asilimia 4 kwa mwaka, na akishamaliza masomo ana mwaka mmoja wa kupumua kabla ya kuanza kulipa. Akinyamaza baada ya hapo, faini ni 5,000 kila mwezi. Jambo ambalo huwaangusha hata wa mwaka wa pili: mkopo huombwa upya kila mwaka. Hauendelei wenyewe.

Fungu la matumizi ni baina ya 40,000 na 60,000 kwa mwaka, kwa bendi. Chukua 50,000: kwa muhula ni 25,000. Muhula una wiki kama 15, kwa hivyo ni 1,600 na kitu kwa wiki, kama analala hosteli ya chuo. Akipanga chumba nje cha 4,000 kwa mwezi, miezi minne yala 16,000, zimebaki 9,000, yaani 600 kwa wiki ya chakula, sabuni na bando. Ndiyo maana nakwambia hosteli ipiganiwe. Na pesa hizo haziingii siku ya kwanza. Chuo chapaswa kwanza kuthibitisha kwamba mtoto ameripoti. Mpe cha kumfikisha wiki sita, hata nane, bila kutegemea HELB.

Basari ya kaunti na ya CDF, ule mfuko wa jimbo la mbunge, zikitangazwa usizidharau. Kwa kawaida hutaka barua ya kuitwa, karatasi ya mchanganuo wa karo yenye akaunti ya chuo, nakala za vitambulisho, na sahihi ya chifu. Hundi huandikwa kwa jina la chuo, kwa hivyo namba yake ya usajili iwe kwenye fomu, ama pesa zitafika na zisijulikane ni za nani.

Hosteli huombwa kwenye potali, yaani tovuti ya chuo ya wanafunzi, na vitanda huisha kama samaki wa alfajiri. Aingie mapema kwa namba ya usajili, abadilishe neno la siri, ahakikishe yaingia. Siku ya kufunguliwa asije akaanza kutafuta neno la siri. Asilipe mpaka aone amepewa chumba, na alipe kwa akaunti au paybill iliyoandikwa kwenye potali tu. Mtu akimpigia simu kwamba anaweza kumshikia kitanda akitumiwa kidogo kwa namba yake, huyo ni tapeli, hata kama anamjua kwa jina lake la tatu. Chumba cha nje asilipie kwa picha. Aende, afungue bomba aone maji, aulize umeme ni wa tokeni au wa mwenye nyumba, na atazame njia hiyo usiku ikoje.

Fomu ya daktari: leta hapa hospitali ya King Fahd, siku ya wiki, asubuhi, kabla hajanywa chai ya pili. Kawaida ni mkojo, choo, damu na kundi lake, macho, na vyuo vingine hutaka eksirei ya kifua. Daktari ajaze kwa mkono wake, atie sahihi, na muhuri wa hospitali uwe kwenye kila ukurasa na juu ya ukingo wa picha. Fomu nyingi hurudishwa kwa muhuri, si kwa ugonjwa. Na msajilini SHA, bima ya afya ya serikali, ile iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Zahanati za vyuo ni za homa na kuchanika, kikubwa chapelekwa nje.

Siku ya kuripoti aonyeshe karatasi za asili, aache nakala. Zile za asili zisibaki kwa karani yeyote. Nakala tano za kila kitu na picha za pasipoti nane zamtosha, na iliyozidi si hasara. Zote zitiwe ndani ya folda ya plastiki yenye zipu, kwa sababu hiyo boti yenu ya Faza ikipita mlango wa Mkanda na upepo, maji ya chumvi hayaulizi cheti ni cha nani.

Boti zenu zaenda kwa maji, basi siku ya safari ipangeni kwa bamvua na kujaa, si kwa saa. Ashukie Mokowe apande basi la asubuhi. Njia ile kuna vizuizi vya askari, kitambulisho akae nacho mkononi, si kwenye buti la basi. Witu, Garsen, Malindi, Kilifi, mpaka Mombasa. Alale kwa shangazi yake. Asubuhi ana njia mbili: treni ya Miritini mpaka Syokimau, 1,500 daraja la kawaida tangu Januari 2024, au basi la moja kwa moja mpaka Eldoret. Ile treni ya saa nne za usiku simshauri mgeni, humshusha Syokimau alfajiri gizani na masanduku. Ya saa mbili asubuhi huingia mchana, ila lazima awe na mtu wa kumpokea Nairobi. Kama hamna mtu, basi ni bora, kubadilisha ni kuchache. Mtungi wa gesi hauruhusiwi treni, usijaribu. Aondoke siku mbili kabla, si moja.

Eldoret iko mita 2,100 juu ya bahari. Shoga, shuka moja na leso mbili hazitoshi huko. Blanketi zito, sweta mbili, soksi, viatu vya kufunika vidole, na koti la mvua, kwa sababu mwezi wa nane huko ni mvua. Ndoo na karai anunue huko huko, zitamtia nauli bure. Godoro aulize kwanza, hosteli nyingine zinayo. Kufuli mbili nzuri asikose, ya kabati na ya sanduku. Jiko la umeme na hita ya kuchemshia maji hukatazwa hosteli nyingi na hunyang'anywa, kwa hivyo chupa ya chai nzuri yafaa zaidi. Kompyuta si ya wiki ya kwanza. Mkipata ya mkono wa pili, iwe na RAM ya GB 8 na diski ya SSD. Ile ya bei poa yenye GB 4 itamlilia kila akifungua mafaili mawili.

Chakula halali na sala usihangaike sana: aulize siku ya kwanza chama cha wanafunzi Waislamu, wao ndio wanaojua mesi gani na chumba gani, na ratiba ikigonga Ijumaa saa saba wanajua pa kwenda.

Akishatulia, kuna kazi moja ya kompyuta ambayo haionekani kama kazi: kusajili yuniti, yaani masomo atakayosoma muhula huo. Kuripoti si kusajili. Ndani ya wiki mbili tatu za kwanza lazima achague yuniti za muhula kwenye potali, abonyeze kuthibitisha, na achapishe. Asiyesajili hukaa darasani muhula mzima, anafanya kazi zote, halafu kadi ya mtihani haitoki au alama zake hazina pa kukaa. Vyuo vingi hupima mitihani midogo, wao huiita kati, kwa alama 30 na wa mwisho kwa 70. Kupita ni 40, ingawa udaktari hudai zaidi. Kati ikimpita kwa ugonjwa, apeleke barua ya zahanati juma hilo hilo. Mwezi ukipita, hakuna atakayeisoma.

Kozi akiiona si yake, asiache masomo kimya kimya. Kuna dirisha la kuhama kwenye tovuti ya KUCCPS, wale wanaopanga wanafunzi vyuoni, kwa wapya, na sharti ni awe na pointi za kozi anayoitaka za mwaka huo huo. Pesa zikigoma kabisa, aandike kwa msajili kuomba kuahirisha, apate jibu la maandishi. Asiyeripoti na asiyeandika ndiye nafasi yake hupotea.

Basi mje hapa Langoni Jumatano tujaze maombi, si Ijumaa, Ijumaa twafunga mapema. Uje na namba ya kitambulisho ya babake, na yeye mwenyewe aje, kwa sababu ujumbe wa kuthibitisha utaingia kwenye simu yake, nami sitaki kukupigia wewe Faza mtandao umekatika. Chai ya tangawizi ipo.

Wasalaam,
Shogako wa Langoni