Rudisha sahani kabatini

Morogoro, 3 Agosti

Ndugu yangu Yohana,

Salamu kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Mimi mzima, ila tangu simu yako ya Jumanne sijatulia. Mtu unakwenda kumchangia damu mjomba wako, unaitwa pembeni, unapewa kikaratasi kimeandikwa HBsAg chanya, yaani alama ya homa ya ini B imeonekana kwenye damu, unaambiwa damu yako haifai, kwaheri. Hakuna aliyekukalisha chini. Hilo limeniudhi, maana kueleza ni kazi yetu sisi wa maabara na wenzetu wa wodini.

Lakini kilichoniuma zaidi ni uliposema umeanza kutenga sahani na kikombe chako. Rudisha sahani kabatini. Homa ya ini B haipiti kwenye ugali. Inapita kwenye damu, kwenye tendo la ndoa, na kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kujifungua. Wembe na mswaki, hivyo kweli usichangie na mtu.

Sasa hizo herufi zilizokutoa jasho zina kisa chake. Juma lililopita, tarehe 28 Julai, ilikuwa siku ya homa ya ini duniani, nayo ni siku aliyozaliwa Baruch Blumberg, Mmarekani aliyekiona kwanza kitu kinachotajwa na herufi hizo. Wala hakuwa akitafuta ugonjwa wa ini! Alikuwa akikusanya damu za watu wa kila pembe, akitaka kujua kwa nini maradhi fulani humpata huyu yakamwacha yule. Miaka ya mwanzo ya 1960, damu ya mgonjwa wa hemofilia, ugonjwa wa damu kutoganda, aliyekwisha kuongezewa damu mara nyingi ilikutanishwa na damu ya mzawa wa Australia, ukatokea mstari kwenye jeli. Wakakiita antijeni ya Australia (antijeni ni kitu kinachoamsha kinga ya mwili), na kwa miaka kadhaa hawakujua ni kitu gani.

Ninapopapenda ni hapa. Mwaka 1967 mfanyakazi wa maabara yake kule Philadelphia, Barbara Werner, alianza kujisikia vibaya, mkojo ukawa na rangi nzito. Akaipima damu yake mwenyewe jioni. Asubuhi alipotazama, mstari upo. Hafifu, lakini upo. Kila ninaposubiri kipimo mezani humkumbuka. Alipona. Nao wakazidi kuamini kwamba kile kitu kinaandamana na homa ya ini. Baadaye ikajulikana kuwa ni ganda la nje la kirusi chenyewe. Ndicho kilichoonekana kwenye damu yako.

Na ganda hilohilo ndilo likawa chanjo. Kirusi hiki humwaga kwenye damu maganda matupu kibao, na ganda tupu haliambukizi, linaufundisha tu mwili kumjua adui. Blumberg na mwenzake Irving Millman walilibuni hilo mwaka 1969. Nobeli ya Blumberg ikaja 1976. Siku hizi ganda hutengenezwa kwa kutumia hamira, nalo limo ndani ya penta, chanjo ya magonjwa matano waliyochomwa wanao wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Mimi na wewe tulizaliwa kabla haijatufikia.

Kwa hiyo usimtazame shemeji kwa jicho baya. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili huifukuza wenyewe. Ni mtoto mchanga ndiye inayemganda. Huenda umekaa nayo tangu ukiwa mgongoni kwa mama. Shemeji apimwe, akiwa hana achanjwe, basi.

Wewe utarudiwa kipimo baada ya miezi 6 tujue kama imekaa. Kabla ya hapo kuna vipimo vya ini, wingi wa virusi na utrasaundi. Si kila mwenye nayo huanzishiwa dawa. Ukianzishiwa, huenda ikawa tenofovir, ambayo hutumiwa pia na wenye VVU, kwa hiyo jiandae na midomo ya watu wa Kibaigwa.

Chupa ya yule mzee anayesafisha ini kwa mizizi, mwaga. Ini halipigi kelele likiumizwa. Linaweza kunyamaza miaka na miaka. Pombe nayo iache. Halafu yale mahindi yenye ukungu unayopeleka nyumbani kwa kuwa hayauziki, nayajua, usinifiche. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu huo, iliua watu huko kwenu Dodoma na Manyara. Kirusi na sumukuvu vikikutana kwenye ini moja, hatari ya saratani hupanda mno.

Njoo Alhamisi, panda basi la alfajiri. Beba kikaratasi chako, uje na shemeji. Damu nitakutoa mwenyewe, na safari hii utalala kitandani kabisa, maana sijasahau ulivyoanguka kwenye foleni ya sindano ya surua darasa la tatu, ukaniangukia mimi.

Wako,
Salehe