Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi: Maji ya Jaruba Moja, Chumvi za Namna Tatu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, Kamati ya Skuli, wazazi wetu na wanafunzi wenzetu,

Assalaam alaykum.

Tunakushukuru kwa kuukubali mwaliko na kufika huku kwetu Micheweni, Pemba. Wengi wetu katika klabu hii tumelelewa kwa chumvi. Kila kaskazi mama zetu wako majarubani, kwenye vidimbwi vya kuanikia maji ya bahari. Swali letu tulilitoa huko huko: kwa nini bahari moja inampa huyu chumvi ya mawe na yule chumvi laini?

Tulichota maji makali ya chumvi kwenye jaruba moja, siku moja, tukayagawa mara tatu. Ya kwanza tuliyachemsha kwa moto mkali, ikatoka chumvi laini kama unga. Ya pili tuliyafunika kitambaa, tukayaacha kivulini wiki kadhaa bila kuyatikisa. Humo tulikuta michemraba mikubwa kama punje za mahindi, utadhani imechongwa na fundi. Ya tatu tuliyaanika juani, na hayo ndiyo yaliyotukusanya sote kwenye beseni. Chumvi ilianza juu ya maji, vijibamba vinavyoelea. Kila kimoja kilizama kidogo kidogo huku kingo zake zikiendelea kujijenga, mpaka kikawa piramidi iliyopinduliwa, tupu ndani.

Maji yakikauka haraka, mbegu za chumvi huzaliwa nyingi kwa mpigo, zikagombania kilichomo, isikue hata moja. Yakikauka polepole huzaliwa chache, na sodiamu na kloraidi, chembe mbili zinazounda chumvi, hupata nafasi ya kujipanga kwa zamu, safu juu ya safu. Kilichochanganyika na maji nacho kina nguvu yake. Mwaka 1783 mwanasayansi Mfaransa Romé de l'Isle alieleza kuwa chumvi iliyokulia kwenye mkojo huacha mchemraba ikawa na nyuso nane. Sisi tulitia mbolea ya urea, na pembe za michemraba zikatoka zimekatika. Chumvi hiyo tuliimwaga.

Mheshimiwa, beseni moja tuliliacha mpaka mwisho bila kumwaga maji yaliyobaki. Chumvi yake ilikuwa chungu na haikukauka hata kwa jua la siku nzima, kwa sababu magnesiamu, madini mengine ya maji ya bahari, hubaki mwisho na huvuta unyevu. Chumvi huanza kutuama maji yakifika kama digrii 25 za Baumé, kipimo cha ukali wa maji ya chumvi; yakikaribia 30, yaliyobaki yafaa yamwagwe. Mama zetu hukisia kwa jicho na ulimi. Wakichelewa kuyamwaga, gunia huchuruzika maji na mnunuzi hulikataa. Tena chumvi ikiwa ya mawe makubwa, madini joto hayaenei sawasawa.

Kwa hiyo tunaomba haidromita, vyombo vya kupimia digrii hizo, tuzitumie sisi asubuhi na mama zetu jioni, pamoja na hadubini moja. Vipande vyetu vya chumvi viko meza ile ya dirishani. Tunakuomba uvitazame kabla hujaondoka.

Tunaomba kuwasilisha.