Barua ya Kufunga Muhula wa Kwanza: Nani Anaendelea Katika Mbio za Nyika?

Kwa wazazi na walezi wetu,

Salamu kwenu nyote. Watoto wanafunga leo saa nne asubuhi. Ripoti za mitihani wanazo mkononi, na tarehe ya kufungua pamoja na salio la karo zimeandikwa nyuma ya ripoti. Sitayarudia hapa, maana simu nyingi nilizopokea muhula huu hazikuhusu karo wala alama. Zilihusu mbio za nyika.

Swali lilikuwa lile lile: "Mwalimu, wangu alikuwa wa tatu hapo shuleni, mbona hakwenda kaunti ndogo? Na mbona yule binti wa Kidato cha Tatu alikwenda peke yake?"

Jibu ni kwamba mbio hizi si kama voliboli, ambapo shule ikishinda inakwenda nzima. Sisi hupeleka wakimbiaji wetu mashindano ya zoni, na kuanzia hapo kila mmoja hujitetea kwa miguu yake. Waandalizi hutangaza kabla ya kuanza ni wangapi watachukuliwa. Hao wa mbele, watoke shule yoyote, ndio timu ya zoni kwenda kaunti ndogo. Mtindo ni huo huo kutoka kaunti ndogo hadi kaunti, kaunti hadi eneo, na eneo hadi taifa. Aliyeongoza zoni habebi chochote cha jana: kwenye mstari wa kaunti ndogo anaanza sawa na wenzake. Basi kuwa wa tatu shuleni ni sifa, lakini si tiketi.

Mzazi mmoja aliye Marekani alinieleza kwamba huko shule hukimbiza watoto saba, nafasi za watano wa kwanza zikajumlishwa, na yenye jumla ndogo ndiyo mshindi. Timu zinazofuzu huenda nzima. Mkimbiaji hodari ambaye shule yake imeshindwa hatupwi, kwani kuna nafasi zilizotengewa watu binafsi, idadi ikitegemea jimbo. Nimeupenda mpango huo, hasa kwa shule ndogo kama yetu.

Sasa niwaambie jambo linaloniuma. Siku ya zoni mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Kwenye utepe wa mwisho mwalimu alisimama na kadi zilizotungwa kwenye waya, akimpa kila anayeingia kadi ya nafasi yake. Binti yetu alifika pekupeku, tope hadi magotini, akaishika yake kwa meno huku akifunga kamba ya kaptura. Ilikuwa namba 4. Kijana wetu mmoja naye alifuzu, lakini meza ya usajili ilipotaka cheti cha kuzaliwa ili kuthibitisha umri, faili yake ilikuwa na kadi ya kliniki tu. Cheti chake kilikuwa kwenye droo ya ofisi yangu, kilomita ishirini na moja kutoka pale. Nafasi yake ikachukuliwa na aliyemfuata. Hilo halikuwa kosa la waandalizi wala la mtoto. Ni langu, na nilikwenda kwao nikamwomba mama yake radhi nikiwa nimeketi jikoni kwake.

Kwa hiyo siku ya kufungua kila mzazi wa mkimbiaji alete nakala mbili za cheti. Moja itakaa kwa mwalimu wa michezo, kwenye begi linalopanda basi.

Kuhusu hao walioniuliza kama shule ilishindwa kumnunulia binti njumu: anazo, alikataa kuzivaa. Faith Kipyegon alikimbia pekupeku kwenye mbio za dunia za chipukizi mjini Bydgoszcz, Poland, mwaka 2010, akamaliza wa 4 akiwa na miaka 16. Binti analijua hilo vizuri kuliko mimi, na ndilo alilonijibu.

Likizoni wakimbiaji wasiachwe walale hadi jua kali. Asubuhi mara tatu kwa wiki zinatosha, na wasikimbie kando ya lami kabla hakujapambazuka. Malori ya miwa hayana breki za kuaminika.

Wenu katika malezi,
Mwalimu Mkuu